SUBIRA SI KUNYAMAZA



Ukipita chuoni kwetu baada ya sala ya alasiri utamwona mtoto mmoja wa miaka 7 ambaye kila siku huingia mwisho. Si mvivu, wala hakutumwa dukani. Unyayo wake wa kulia hauinuki. Atembeapo hulazimika kulinyanyua goti juu kama mtu apandaye ngazi, kisha unyayo huanguka chini, pa! Wenzake wamemtungia jina kwa sauti hiyo hiyo. Kiatu chake cha kulia hutoboka mbele ilhali cha kushoto kingali kipya, na mamake hununua jozi mbili pale wengine wanunuapo moja.

Mtoto huyu hakuzaliwa hivi. Alikuwa akikimbia vichochoroni kama watoto wote mpaka alipotimu miaka 4. Usiku mmoja akashikwa na homa, akapelekwa penye matibabu, akachomwa sindano ya tako. Mamake amenieleza mara nyingi, na kila mara maneno yake ni yale yale: sindano ilipoingia mtoto alipiga ukelele usiokuwa wa sindano, akaushika mguu tangu paja mpaka vidole. Yule mchomaji akasema, "Atatulia." Kulipokucha, mguu ulikuwa umelala.

Siku chache baadaye tukaitwa barazani. Walikuja watu wawili kutoka kule kwenye matibabu, na mfuko wa mchele na mfuko wa sukari. Wazee wakasema hii ni qadari, na ajali haina kinga. Baba akainamisha kichwa, akasema, "Nimesamehe." Ikasomwa Fatiha. Mimi nilikuwamo. Nilinyanyua mikono yangu nikaitikia amin.

Ni kwa sababu ya amin ile ndipo naandika haya leo. Nimeyafikiri na nimewauliza wenye elimu, na nimeona kuwa siku ile hatukusuluhisha kitu. Tulichokifanya ni kuidhulumu haki ya mtoto mdogo, na dhuluma ile tukaifunika kwa Fatiha.

KILICHOTOKEA MWILINI

Kwanza yatupasa tujue ni jambo gani tunalolizungumza, maana wengi wetu tukimwona mtoto wa namna hii husema ni upepo mbaya, au ni jicho, au ni polio. Polio kweli iliwalemaza watoto wengi wa zamani, na mpaka leo mtoto aliyelegea mguu ghafla ni lazima apelekwe akachunguzwe isije ikawa ndiyo. Lakini si kila mguu uliolala ni polio.

Ndani ya tako hupita mshipa mkuu wa fahamu uteremkao mguuni. Ndio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, na mkononi mwake kuna kazi ya kuinua unyayo na vidole. Mtoto mdogo, hasa aliyekonda kwa maradhi, hana nyama ya kutosha ya kuukinga. Kwa ajili hii wauguzi hufundishwa tangu siku za mwanzo za masomo yao kwamba sindano ya tako haichomwi katikati wala chini, bali pembe ya juu ya upande wa nje. Na kwa watoto wachanga hufundishwa kuchoma paja kwa upande wa nje, ambako hakuna hatari hii. Sindano ikikosea njia, mshipa huumia kwa ncha yenyewe au kwa dawa iliyomiminwa juu yake. Kwinini, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria kali, imejulikana zamani kwa ukali wake juu ya mishipa hii. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeagiza watoto wenye malaria kali watibiwe kwa dawa ya artesunate badala yake.

Basi tazama, ewe msomaji. Jambo hili lina sababu yake ijulikanayo, lina njia ya kuepukwa, na njia hiyo iko vitabuni na madarasani. Aliyeifuata na likatokea la kutokea, huyo ana hukumu yake. Ama aliyeipuuza, au asiyeijua kabisa na bado akashika sindano, huyo hatuwezi kusema kuwa lililomtoka ni ajali kama ajali ya mnazi kuanguka kwa upepo. Huo ni uzembe.

WASEMAO "NI QADARI"

Hoja ya kwanza tuliyoisikia barazani ni kuwa haya ameyaandika Mwenyezi Mungu, na mwenye kudai ni kama ambaye hakuridhika.

Jawabu yake ni kuwa kila Muislamu anaamini qadari, ya kheri na ya shari. Lakini ni nani aliyetufundisha kwamba qadari huondoa dhamana? Someni Sura ya An-Nisaa, aya ya 92. Mwenye kumuua Muumini kwa kukosea, bila ya kukusudia, amewajibishwa kafara pamoja na diya ya kupewa watu wa aliyekufa. Je, yule aliyekufa hakufa kwa qadari? Alikufa kwa qadari, na juu ya hivyo diya ikawajibika. Lau qadari ingefuta dhamana, mwizi naye angetwambia ameiba kwa qadari, na mwenye gari aliyemgonga mtu angefuta damu akaenda zake.

Na Sayyidna Umar (R.A.) alipoelekea Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia qadari ya Mungu kuiendea qadari ya Mungu. Huyo ndiye Umar, wala hapana mtu wa barazani kwetu mwenye imani kubwa kuliko yake.

Subira ni ibada ya moyo. Ni kuuzuia ulimi usimkufuru Mola na mkono usilipize kwa jeuri. Mama anayemsugua mtoto wake mguu kila usiku kwa mafuta ya nazi, haachi sala wala hamtukani mtu, huyo anasubiri. Na kesho yake akienda kwa wakili na vyeti vyake mkobani, angali anasubiri. Mambo mawili haya hayagombani.

WASEMAO "NI AIBU KUUZA KIUNGO"

Hoja ya pili ni ya watu wenye staha, nayo ndiyo inayowanyamazisha wengi: kwamba kuchukua fedha kwa mguu wa mtoto ni kula nyama yake.

Lau ingekuwa aibu, sheria yetu isingalilitaja jambo hili kwa hesabu. Vitabu vya fiqhi tuvisomavyo pwani hii, na Minhaj ya Imam Nawawi ni kimojawapo, vina mlango mzima wa diya za viungo. Diya ya nafsi ni ngamia 100. Mkono mmoja au mguu mmoja ni nusu yake, ngamia 50. Kidole kimoja ni ngamia 10, na jino moja ni ngamia 5. Na wanazuoni wetu hawakusimama kwenye kukatwa tu. Wamesema kiungo kilichopo lakini kimepooza, manfaa yake yamekwisha, diya yake ni kama ya kilichokatwa. Na kilichopungua nguvu bila ya kufa kabisa hukadiriwa na hakimu kwa kadiri ya upungufu wake.

Jino, msomaji! Sheria iliyolihesabia jino ngamia 5 itanyamaza juu ya mguu wa mtoto mwenye miaka 60 ya kutembea mbele yake? Na sisi tuliupokea kwa mchele na sukari!

Wala fidia si bei ya mguu. Mguu hauna bei. Fidia ni kifaa cha kuushikilia unyayo, ambacho mtoto akikua hakimtoshi tena na hutakiwa kingine. Ni nauli ya kwenda mazoezi ya viungo kila wiki, na siku ambazo mama hakukaanga mahamri ya kuuza kwa sababu yuko foleni hospitalini. Tena ni zile kazi ambazo kijana huyu hataziweza, kama kupanda mnazi, kuvua, kubeba mizigo bandarini, kusimama jikoni mwa hoteli kutwa. Mzigo huu upo, na kuna mtu anayeubeba kila siku. Tunalouliza ni kama aubebe aliyedhulumiwa au aliyedhulumu.

WASEMAO "BABA AMESHASAMEHE"

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nakuomba usome polepole.

Kusamehe ni jambo tukufu. Aya ile ile ya An-Nisaa imewapa watu wa aliyeuawa ruhusa ya kuiacha diya ikawa sadaka. Lakini utazame mpango wake: kwanza haki imethibitishwa, ikajulikana ni kiasi gani na ni ya nani, kisha mwenyewe, kwa hiari yake, akapewa mlango wa kusamehe. Asiyejua anadai nini hawezi kujua anasamehe nini.

Na mwenyewe ni nani? Mguu ule si wa baba, wala si wa sheikh aliyesoma Fatiha, wala si wangu mimi niliyeitikia. Ni wa mtoto. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, walii amewekwa aihifadhi mali ya mtoto na kuikuza; hana ruhusa ya kuigawa bure wala kuisamehe bure. Diya ya kiungo cha mtoto ni mali ya mtoto. Kama vile baba asivyoweza kumpa jirani nyumba ambayo mtoto ameirithi kwa mamake, hawezi kuutoa sadaka mguu wa mtoto.

La kushangaza ni kuwa sheria za mahakama tulizonazo, ambazo wengine wetu huzipuuza kwa kuwa hazikutoka vitabuni mwetu, katika jambo hili zimekutana na fiqhi. Kenya na Tanzania pia, kesi ya mtoto ikiwa imefunguliwa, mtu mzima anayemsimamia haruhusiwi kufanya suluhu kwa niaba yake bila ya idhini ya mahakama. Hakimu hutazama kwanza kama suluhu ile ina maslahi kwa mtoto. Lau mfuko wetu wa mchele ungalipelekwa mbele ya hakimu, angalituuliza kama tuna akili.

TUWAFANYIE INSAFU MATABIBU

Sisemi kila mgonjwa asiyepona adai. Huo ni uharibifu mwingine, na mwenye kuapa uongo kwa tamaa ya fedha ale moto. Tabibu ni mtu, na wengi wao hukesha na wagonjwa wetu kwa mishahara midogo na vyombo pungufu.

Wanazuoni wamelipima jambo hili zamani. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, katika Zaad al-Maad amewagawa matabibu mafungu. Fundi aliyefanya kazi yake kwa haki yake, kwa idhini ya mgonjwa, na madhara yakatokea bila ya kosa lake, hana dhamana. Fundi ambaye mkono wake umekosea, ana dhamana ya kosa lake japokuwa hana dhambi ya kukusudia. Na asiyekuwa fundi aliyewadanganya watu kuwa ni tabibu, huyo ni mdhamini, na hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) kwa maana hii imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah.

Fungu hili la mwisho tunalo mitaani mwetu. Ni yule wa duka la dawa ambaye kazi yake ni kuuza tembe, lakini nyuma ya pazia ana kitanda na sindano, nasi twamwita "daktari" kwa kuwa yu karibu na ni rahisi. Kosa hilo ni letu sote.

Na anayechelea kuwa fidia itamvunja tabibu maskini, ajue kuwa fiqhi haikumtwisha peke yake mzigo wa diya ya makosa. Imeutawanya kwa jamaa zake. Leo, mahali pa jamaa hao mara nyingi pamesimama mwajiri wake na bima. Mahakama nazo hazimhukumu tabibu kwa kuwa mgonjwa hakupona. Ni lazima mdai athibitishe mambo manne: kwamba tabibu alikuwa na wajibu kwake, kwamba alifanya ambalo mwenye fani hiyo aliye makini hafanyi, kwamba mgonjwa amedhurika, na kwamba madhara yametoka kwenye kosa hilo na si kwenye maradhi yenyewe. Mwenye haki hana haja ya kuogopa mizani hiyo, awe mgonjwa au tabibu.

Tena kudai ni nasaha. Novemba 2007, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja walipishanishwa: mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa goti, na mwenye goti akapasuliwa kichwa. Mwaka 2018, Nairobi, mgonjwa mmoja alifunguliwa kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mwingine. Makosa hayo yalijulikana nchi nzima kwa sababu hayakumalizwa kwa Fatiha. Kosa linalofichwa leo, kesho litamfika mtoto wako.

YAKUPASAYO KUFANYA

Likikufika, Mungu apishe mbali, fanya haya.

La kwanza, tiba kabla ya dai. Mpeleke mgonjwa kwa daktari mwingine siku hiyo hiyo. Mshipa wa fahamu hukua taratibu, kiasi cha milimita 1 kwa siku, na misuli iliyolala muda mrefu hunyauka. Mazoezi ya viungo na kifaa cha unyayo vianze mapema, na ikihitajika afanyiwe kipimo cha umeme cha mishipa. Miezi ikipita bila ya dalili ya kupona, muulize daktari bingwa juu ya upasuaji. Kipimo hicho hicho ndicho kitakachokuwa shahidi wako.

La pili, andika. Siku, saa, jina la aliyechoma, jina la dawa, aliyekuwapo. Weka kadi, risiti na picha. Omba nakala ya faili kwa barua. Ni habari za mwili wako na una haki ya kuzipata.

La tatu, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hukuielewa.

La nne, chunga muda. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kenya na Tanzania Bara, dai la namna hii muda wake wa kawaida ni miaka 3. Lakini Kenya, anayeishtaki Serikali ana miezi 12 tu, na Tanzania sharti kwanza Serikali ipewe notisi ya siku 90. Mwenye kuwa Unguja au Pemba amuulize wakili wa huko. Sheria ina njia za kumwongezea mtoto muda, lakini ushahidi haumngoji mtoto akue.

La tano, jua mlango wa kubisha. Ukiwa Kenya usiende kwa Kadhi, maana Katiba ya 2010 imempa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Dai hili ni la mahakama ya hakimu au Mahakama Kuu. Na mashtaka kwenye mabaraza ya madaktari na ya wauguzi ni mlango mwingine: huko humwadhibu mkosaji, na mahakamani ndiko kwenye fidia. Unaweza kupita kote kuwili.

La sita, mahakama huweza kuongeza riba juu ya fedha iliyohukumiwa. Fidia yenyewe ni haki. Ile ziada waulizeni wanazuoni wenu namna ya kuitoa, isije ikachafua halali yenu.

Msomaji wangu, mwezi uliopita nilimwendea baba wa yule mtoto nikamwomba radhi. Tukaenda pamoja kwa wakili. Ametwambia mlango haujafungwa, kwa kuwa mdai ni mtoto. Lakini yule mchomaji amehama, hajulikani aliko, na daftari la usiku ule wanasema halionekani. Lau tungalikwenda wiki ile ile, lingalionekana. Miaka 3 hii tumeipoteza sisi watu wazima, tukiwa tumekaa barazani na tasbihi mikononi.

Basi siku utakayoitwa barazani kusuluhisha jambo kama hili, kabla hujanyanyua mikono uliza: haki hii ni ya nani, na mwenyewe yuko wapi? Ukiambiwa yuko chuoni, anajifunza Juzuu Amma, rudisha mikono yako chini.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amponye mtoto huyu na wagonjwa wetu wote, na atusamehe sisi tulioitikia amin pasipokuwa mahali pake.

Wassalaamu alaykum.